Paa la Bi Gülsüm

"Nazire, mwambie mama yako atuonee huruma," alisema Zeliha, jirani wa ukuta kwa ukuta, akiwa ameegemea mwimo wa mlango wake na sufuria ya mtindi kiunoni. "Mvua hatujaiona tangu tuvune ngano, na yeye kila asubuhi yuko juu ya paa anabingirisha jiwe. Grrr, grrr, mpaka meno yanatuuma. Mume wangu anauliza kama anatengeneza kiwanja cha mpira."

Nazire alicheka. "Uzee huo, shoga. Ameanza kuiogopa mvua kabla haijaja."

"Uzee gani? Mama yako ana mikono ya mpiga mieleka. Mwulize anamfukuza nani huko juu!"

Nyumba zote za kijiji kile cha nyanda za juu za Anatolia zilikuwa na mapaa bapa ya udongo. Chini boriti za msonobari, juu yake matete, na juu ya matete udongo mweupe unaochimbwa ukingoni mwa mto. Kila vuli watu huongeza udongo mpya, na kila mvua ikikatika mtu hupanda na jiwe la paa, akalivuta huku na huku ili udongo ukaze usivuje. Mawe yenyewe yalikuwa vipande vya nguzo za Warumi. Mji wa Warumi ulilala chini ya kijiji, na mababu hawakuona sababu ya kujichosha kuchonga jiwe la mviringo wakati wenzao walishachonga mengi wakayaacha. La Bi Gülsüm lilikuwa la marumaru, zito kuliko yote ya mtaa ule.

Lakini kubingirisha jiwe juu ya paa kavu ni upuuzi mtupu, kwa sababu udongo mkavu hupasuka tu. Hata mtoto wa kijiji kile analijua hilo. Nazire alilijua, likamkwaruza kidogo moyoni, kisha akaliacha lipite. Alikuwa na njaa.

Alizaliwa katika nyumba ile. Akaenda Ankara kusomea mambo ya kale, akarudi na kikosi cha wachimbaji kama msimamizi wa vigae. Msimu ulikuwa umekwisha, wenzake wakaondoka, naye akabaki katika nyumba ya kikosi ng'ambo ya kijito, akiosha na kupanga vipande vya vyungu vilivyotoka ardhini kiangazi kizima. Kila Ijumaa alikuja kula na mama yake na mdogo wake, Durali.

"Kabla hujakaa, panda ukanishushie pilipili," alisema Bi Gülsüm. "Zimekwisha kauka."

Nazire akapanda ngazi. Pilipili nyekundu zilikuwa zimetandazwa juu ya shuka upande wa jua, na jiwe la paa limelala katikati na mkono wake wa mbao. Alipoinama kukusanya, akaona kitu cha kijivu kimechomoza udongoni. Akakichokonoa kwa ukucha, akakitemea mate, akakisugua kwa kidole. Kikang'aa.

Kilikuwa kigae. Si cha Warumi, kwa kuwa vyao ni vyekundu. Si cha wale wa baadaye waliojenga kanisa juu ya soko la Warumi, wala si cha Waturuki waliojenga kijiji juu ya kanisa. Kilikuwa cha kijivu, kimesuguliwa kwa kokoto kikawa laini kama ngozi, kazi ya Wafrigia waliokaa pale kabla Warumi hawajasikika. Kikosi kizima kilihangaika msimu wote, kikapita kanisa, kikapita soko, ndipo siku za mwisho kikafika kwenye tabaka lenye vigae kama hicho. Na hapa kilikuwa juani, juu ya vichwa vyao, pamoja na pilipili za mama.

Akatafuta zaidi. Vilikuwa kila mahali. Na udongo ule haukuwa mweupe wa mtoni. Ulikuwa wa kahawia, una majivu, una chembe za makaa. Akapiga hatua mbili kuelekea katikati ya paa, akahisi linabonyea chini ya nyayo zake, akarudi ukingoni polepole kama mtu aliyekanyaga mkia wa mbwa aliyelala.

Alishuka bila pilipili. Sebuleni akainua macho, akaona alichopita bila kukiona alipoingia. Boriti kubwa ya katikati ilikuwa imepasuka kwa urefu, na chini yake kumesimamishwa nguzo mpya ya mti, imefungwa kitambaa cha maua ili ionekane ni pambo.

"Durali yuko wapi?" akauliza.

Mama yake akajishughulisha na supu. "Yuko stoo. Anatafuta kitunguu."

Stoo ilikuwa nyuma ya jiko. Mtungi mkubwa wa ngano ulikuwa umesukumwa pembeni, na mahali pake palikuwa na shimo linalomtosha mtu. Durali alikuwa anatoka, mabega kwanza, uso umejaa vumbi, meno meupe nje. Hata hakushtuka. Mtu aliyekaa na siri muda mrefu huwa anatamani tu aulizwe.

"Dada! Nilijua siku moja utanusa. Njoo uone, wewe ndiye utakayeelewa. Nimekuta dari la mawe, limekunjwa kama upinde. Unaweza kutembea umeinama tu. Linakwenda chini ya nyumba, linapinda, linaingia chini ya barabara."

"Ni mfereji wa maji machafu wa Warumi," alisema Nazire. "Hamna dhahabu humo, Durali. Ni choo chao."

"Na mwisho wake kuna ukuta, nachimba kuupita kwa chini. Mtu hajengi ukuta mwisho wa choo bila sababu."

Kijijini kwao kila mtu alikua akisikia habari za kuku wa dhahabu na vifaranga vyake waliofukiwa na Warumi. Watu wazima wenye akili zao, wanaojua bei ya ng'ombe mpaka tarafa ya tatu, wakitajiwa kuku huyo hulegea kama watoto.

"Udongo wote huu umeupeleka wapi?" Alijua jibu. Alitaka alisikie likitoka kinywani mwake.

Durali akacheka. "Hapo ndipo utakaponivulia kofia. Ningeumwaga shambani, kijiji kizima kingeuliza. Ningeumwaga mtoni, askari wangeuona. Lakini nani anauliza habari za udongo wa paa? Vuli imefika, kila mtu anaongeza. Nimeutandaza tu."

"Umechimba chini ya nyumba, halafu udongo wake umeubebesha nyumba hiyohiyo! Umeuweka juu ya kichwa cha mama! Durali, ukilowa mvua uzito wake utakuwa maradufu. Boriti imepasuka, huoni?"

"Nimeiwekea nguzo."

"Na nguzo imesimama juu ya nini? Si juu ya shimo lako?"

Durali akageuka kulitazama shimo. Aliyejibu ni mama yake, kutoka mlangoni, mwiko mkononi.

"Mwache mdogo wako. Ninyi wa kikosi mlichukua uwanja wetu wa kupuria ngano, mkauzungushia waya, mkaweka bango. Alinung'unika? Sasa anachimba chini ya nyumba ya baba yake."

"Wewe ukichimba ni elimu," Durali akadakia, "mimi nikichimba ni wizi."

"Na wewe, mama, ndiyo maana unabingirisha jiwe?"

Bi Gülsüm hakuona haya hata kidogo. "Sururu ina kelele. Zeliha ana masikio marefu kuliko punda wake."

"Ni mpango mzuri," alisema Durali, furaha ikimrudia. "Jiwe likitembea, nachimba. Likisimama, najua kuna mtu amekuja. Nazima taa, nafunga sururu ndani ya koti isigonge kitu, nakaa kimya kama maiti mpaka litembee tena. Wiki iliyopita mkuu wa kijiji alikaa hapo sebuleni akinywa chai tatu, mimi niko chini ya matako yake!"

Nazire hakucheka. Alikuwa anaogopa, na hofu ilimtoka kwa sura ya hasira, kama kawaida yake. Akasema atakwenda kwa askari mchana uleule.

"Ukienda," mama yake akasema taratibu, "usirudi kwa mlango huu. Mwanangu akifungwa kwa mkono wako, mimi sina binti."

Basi hapo ndipo Nazire alipolegea. Mbele ya watu angesema ni kwa ajili ya mama. Moyoni alijua pia kwamba jina lake lilikuwa kwenye kazi ile. Msimamizi wa vigae ambaye ndugu yake wa damu anafukua mji uleule, nani angempa tena hata ufagio wa kufagilia shimo? Akatafuta njia ya katikati, na hapakuwa na njia ya katikati.

"Apa kwamba hutaingia tena humo," akamwambia ndugu yake. "Na udongo utaushusha. Apa kwa mkate."

Durali akasita. Kisha akachukua mkate mwembamba kutoka kwenye sinia, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso. "Mkate huu unipige macho nikiingia tena."

Kwa watu wa kule hicho si kiapo cha mchezo. Mtu anaweza kuapa kwa kichwa cha jirani na kuongopa huku anatafuna, lakini kwa mkate hathubutu. Nazire akapumua. Alipokuwa anavaa viatu, aligeuka akaongeza neno moja, ambalo baadaye alitamani lingemkwama kooni.

"Na ujue, nikikukuta humo tena, sitakuja peke yangu."

Mvua ikaja Jumapili. Haikuwa ya radi wala ya fujo. Ilikuwa ile nyembamba ya kudumu, inayoshuka mchana na kulala mpaka kesho yake bila kubadili sauti. Nazire alikaa dirishani ng'ambo ya kijito akiitazama. Mara mbili alivaa koti aende akaone kama udongo umeshushwa, mara mbili akalivua. Ameapa, akajiambia. Nikienda kumpeleleza nitakuwa nimemtukana.

Jumanne asubuhi mawingu yakapasuka. Jua likatoka, mapaa yote ya kijiji yakafuka mvuke, na watu wakapanda na mawe yao. Alikaa nje na beseni la maji na lundo la vigae, akaisikia sauti aliyokua nayo tangu utoto, mawe mengi yakinguruma pamoja, huku wanawake wakiitana kutoka paa hadi paa. Hata lile zito la nyumbani kwao alilitambua katikati ya mengine. Mama anakaza paa baada ya mvua, kama kila mwanamke wa kijiji. Hakuna ubaya. Alikuwa anaimba kwa pua wakati anaosha.

Kazi hiyo haichukui muda. Jiwe moja likanyamaza, kisha jingine. Wanawake wakashuka kwenda kukamua na kupika. Kwa Zeliha pakanyamaza. Kijiji kikawa kimya, mbwa mmoja akabweka, naye akanyamaza.

Jiwe moja liliendelea.

Nazire aliinua kichwa, kigae mkononi, maji yakimdondoka kwenye viwiko. Grrr, likaenda. Grrr, likarudi. Alisubiri lisimame. Halikusimama. Akaangusha kigae, akakimbia na kandambili zake, akavuka daraja, akapita kwa Zeliha ambaye alimwuliza kuna nini na hakujibiwa.

Bi Gülsüm alikuwa juu ya paa, amefunga sketi kiunoni, anavuta marumaru. Udongo ulikuwa palepale, haujapungua hata karai moja, umelowa na kuwa mweusi. Kutoka barabarani Nazire aliona ukingo wa paa umepinda katikati kama mgongo wa punda mzee.

"Mama! Acha! Shuka!"

Jiwe likasimama.

Kimya kikaingia. Nazire alisikiliza chini ya miguu yake na hakusikia sururu wala chochote, na hicho ndicho kilichomtisha zaidi. Alielewa maana ya kimya kile.

"Yuko ndani?" akauliza.

Mama yake aliangalia tu miguu yake mwenyewe.

Nazire akapanda ngazi, akamshika mkono, akamvuta kama anavyovutwa mbuzi mkaidi. Walipogusa ardhi akapiga kelele kwa nguvu zote: "Durali! Toka! Ni mimi!" Kisha akawageukia watu waliokuwa wanatoka milangoni. "Njooni! Njooni wote! Leteni magogo, leteni koleo!" Wanaume wakaja mbio, buti zikipiga kishindo, wakiulizana kwa sauti nene.

Hawakuwahi kuingia. Ndani ya nyumba kulisikika mlio mmoja mkavu, nguzo ya kitambaa cha maua ikizama sakafuni. Jiwe la paa likaanza kutembea lenyewe kuelekea katikati, taratibu, likatumbukia. Paa likalifuata, kuta mbili zikalala ndani, na vumbi likapanda licha ya unyevu wote ule.

Wakachimba. Hakuna aliyeuliza Durali alikuwa anafanya nini chini, maana kila mmoja alielewa na wengine walikuwa na mashimo yao. Nazire alisimamia, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Juu kabisa vilitoka vigae vya kijivu vya Wafrigia. Chini yake matete na boriti. Chini ya boriti, zulia la mama, birika, redio. Chini ya zulia, mawe ya kanisa. Maisha yake yote alifundishwa kwamba cha zamani hukaa chini na kipya hukaa juu, na leo aliona matabaka yamepinduliwa, ya kale zaidi yakiwa juu kabisa, na chini ya yote ndugu yake.

Kila mara alisimamisha kazi na kulala kifudifudi. "Durali! Jibu! Gonga tu!" Wanaume nao wakaita. Askari wawili wa kituo cha njia panda wakafika, wakavua makoti, wakaita kwa sauti zao za kiaskari. Hapakuwa na jibu. Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akasema pembeni kwamba hakuna haja ya haraka tena.

Bi Gülsüm alikuwa amekaa juu ya kinu cha Zeliha tangu asubuhi, hajatoa neno wala chozi. Alasiri akainuka ghafla.

"Hawezi kujibu," akasema. "Jiwe limesimama."

Wakadhani akili imemruka. Nazire peke yake ndiye aliyeelewa. Kumbe siku nzima alikuwa anamwita kwa sauti yake, yeye aliyemwahidi kwamba hatakuja peke yake, na nyuma yake sauti za wanaume, na buti, na askari.

"Pandeni juu ya mapaa!" akapiga kelele. "Bingirisheni mawe! Wote! Msiniulize!"

Watu wakapanda, Zeliha akiwa wa kwanza, akilia. Jua lilikuwa linawaka na mapaa yameshakauka, na kijiji kizima kikavuta nguzo za Warumi huku na huku, mpaka ardhi ikatetemeka na kuku wakakimbilia chini ya mikokoteni. Nazire akainua mkono. Wakasimama.

Akaweka sikio juu ya jiwe la mfereji. Alisikia damu yake mwenyewe. Kisha, kutoka ndani, karibu kuliko alivyodhani, likaja pigo moja. Hafifu. La pili halikuja.

"Yu hai!" akalia. Wakachimba kwa kucha.

Jua lilipokuwa linazama wakatoa jiwe la mwisho la upinde. Hewa iliyotoka ilikuwa nzito na ya moto, na kiberiti alichowasha askari kikazimika palepale. Durali alikuwa ameketi ameegemea mawe yaliyoziba njia, upande wa pili tu wa mahali walipokuwa wakiita tangu asubuhi. Hakuwa na jeraha hata moja, wala pumzi. Taa ilikuwa pembeni yake, utambi umeshushwa kwa mkono. Sururu ilikuwa imefungwa vizuri ndani ya koti, isigonge kitu. Kiganjani alikuwa ameshika kokoto aliyogongea.

Walipomlaza barabarani, Nazire alimsafisha udongo usoni kwa burashi yake ya kazi, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine. Alitaka kusema neno, lakini mama yake alimtangulia.

"Alikuwa mtiifu," alisema Bi Gülsüm, akimfunga mwanawe kidevu kwa kilemba chake. "Tulimwambia anyamaze. Mimi kwa jiwe, na wewe kwa askari."